Klorofili Katika Utumbo wa Wadudu Walao Majani

Klorofili ndiyo inayoyapa majani rangi ya kijani, na ndiyo inayoiwezesha mimea kunasa nuru ya jua na kujitengenezea chakula. Kilo moja ya majani mabichi huwa na gramu 1 au 2 tu za kemikali hii, lakini imetapakaa karibu jani zima, kwa hiyo mdudu anayeishi kwa kutafuna majani hana pa kuikwepea. Mlaji wa samaki hutenga miiba pembeni mwa sahani; kiwavi hawezi kutenga klorofili. Huimeza yote, tangu siku anapoanguliwa hadi anapoacha kula ili ageuke pupa.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba klorofili iliyomezwa hupenya mwilini na kumtia mdudu rangi ya kijani. Dhana hiyo inavutia kwa wepesi wake, ila si sahihi. Sehemu kubwa ya klorofili hutoka tena kwenye kinyesi, ikiwa imekatwa mkia na kung'olewa madini yake, na shughuli inayofanyika utumboni ni ya kujikinga zaidi kuliko ya kujilisha.

Doha ni mahali pazuri pa kuliangalia jambo hili kwa sababu kijani chake ni kichache na kinaonekana. Mvua ya Qatar haifiki milimita 100 kwa mwaka wa kawaida. Kinachoota mjini huota kwa maji ya mabomba: mitende ya kando ya barabara, nyasi za bustani, mioleanda ya kwenye ua. Nje ya mji yako mashamba ya alfalfa inayokatwa kulishia mifugo, na huko Al Thakhira, kaskazini, imo mikoko ya aina ya mchu, ndugu wa michu ya Lamu na Rufiji, inayoishi kwa maji ya bahari. Jangwani kwenyewe kijani huja baada ya mvua za baridi, hudumu wiki chache na kutoweka.

Mlaji wa majani anayejulikana kuliko wote katika eneo hili ni nzige wa jangwani. Mwezi Mei 2018 kimbunga Mekunu kilimwaga mvua katika jangwa la Rub' al Khali, na Oktoba mwaka uleule kikafuata kimbunga Luban. Mchanga ukaota majani, nzige wakazaliana vizazi kadhaa mahali pasipofikiwa na wapuliza dawa, kisha makundi yakatawanyika. Baadhi yalipitia Yemen, yakavuka hadi Pembe ya Afrika na kuingia Kenya mwishoni mwa Desemba 2019. Mengine yalibaki upande wa Ghuba, na Februari 2020 yakaonekana Kuwait, Bahrain, Qatar na pwani ya Iran. Mkulima wa Mwingi, nchini Kenya, na mwenye bustani Doha walikuwa wanapambana na jamaa moja.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, hukadiria kwamba kundi la nzige lenye ukubwa wa kilomita moja ya mraba huwa na nzige milioni 40 hadi 80. Nzige mzima hula kila siku majani yanayokaribia uzito wake mwenyewe, yaani kama gramu 2. Kwa nzige milioni 40 hizo ni tani 80 za majani kwa siku, na ndani yake zimo kilo 80 hadi 160 za klorofili. Mzigo wote huo hupita kwenye matumbo yao ndani ya saa chache.

Hata hivyo, si kila mdudu anayeharibu mmea wa kijani anakula klorofili, na mitende ya Doha inatosha kuonyesha hivyo. Fukusi mwekundu wa mitende, aliyeingia nchi za Ghuba katika miaka ya 1980, hulelewa ndani ya shina. Buu lake hutafuna nyama nyeupe isiyoonja jua, ambamo klorofili karibu haimo, na mtende hufa ukiwa bado umevaa makuti ya kijani. Mdudu anayeitwa dubas huchoma majani ya mtende kwa mdomo mwembamba kama sindano na kunyonya utomvu. Naye haguswi sana na suala hili, kwa sababu utomvu unaopita kwenye mishipa ya mmea hauna klorofili. Wanaohusika hasa ni watafunaji: nzige, panzi, senene, viwavi, na mbawakavu wa majani.

Molekuli ya klorofili ina sehemu tatu. Ya kwanza ni pete ya kaboni na nitrojeni inayofanana sana na ile ya hemu, kiini chekundu cha damu. Ya pili ni chembe moja ya magnesiamu iliyokaa katikati ya pete, mahali ambapo katika hemu hukaa chuma. Ya tatu ni mkia mrefu wenye asili ya mafuta, uitwao fitoli, unaoishikilia molekuli ndani ya utando wa kloroplasti. Jina klorofili lilitolewa na Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, mwaka 1817. Richard Willstätter, Mjerumani, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1915 kwa kazi yake juu ya rangi za mimea, na Robert Woodward wa Marekani akaunda klorofili maabara mwaka 1960. Kwa mdudu, lililo muhimu katika historia yote hiyo ni kwamba sehemu hizo tatu hazishikamani kwa nguvu sawa. Mkia hukatika kirahisi penye alkali au penye kimeng'enya kinachofaa. Magnesiamu hung'oka kirahisi penye asidi. Pete yenyewe ni ngumu, na wanyama wengi hawana njia ya kuivunjavunja.

Safari huanza mdomoni. Panzi na nzige husaga jani kwa taya; viwavi wengi hukata vipande na kuvimeza bila kuvisaga sana. Mate na maji ya utumbo wa mbele hulegeza seli zilizopasuka, na kloroplasti humwagika. Zile ambazo hazikupasuka hupita kama zilivyo. Katika mahindi, mtama na nyasi nyingi za nchi za joto, seli zinazozunguka mishipa ya jani zina kuta ngumu, na uchunguzi wa kinyesi cha panzi kwa hadubini umeonyesha nyingi zikitoka nzima. Klorofili iliyomo ndani ya seli hizo imesafiri tu.

Mmea nao haukai kimya. Ndani ya seli za jani mna kimeng'enya kiitwacho klorofilasi, chenye uwezo wa kukata mkia wa fitoli. Zamani kilidhaniwa kuwa ndicho kinachofifisha kijani cha majani yanayozeeka. Mwaka 2015 watafiti wa Japani na wenzao walichapisha matokeo yanayokipa kazi nyingine: kimewekwa mbali na kloroplasti, na vitu hivyo viwili hukutana pale tu seli inapopondwa, kwa mfano na taya za kiwavi. Hapo klorofili hugeuka haraka kuwa klorofilidi, yaani klorofili isiyo na mkia, na viwavi wa jamii ya Spodoptera waliolishwa klorofilidi nyingi walikua kwa shida. Kama ni hivyo, kitu ambacho mmea unakitegemea kwa uhai wake kinageuzwa silaha papo hapo, bila gharama ya kutengeneza sumu mpya.

Baada ya mdomo njia za wadudu hutofautiana, na tofauti iko katika ukali wa maji ya utumbo. Kwa nzige na panzi utumbo wa kati unakaribia kuwa wa wastani, ukielekea kidogo upande wa asidi. Katika mazingira hayo magnesiamu hujitoa yenyewe, na kijani kibichi hugeuka rangi ya zeituni, kama inavyotokea kwa mboga za majani zikipikwa mno. Viwavi wa nondo na vipepeo wako upande mwingine kabisa. Utumbo wao wa kati ni wa alkali kali, pH 10 na zaidi kwa jamii nyingi, kiwango ambacho wanyama wachache sana wanacho. Alkali hiyo husaidia kuzitenga protini za jani na kemikali zinazozigandisha, na papo hapo huukata mkia wa klorofili. Kwa hiyo kwa kiwavi mkia hutangulia kutoka na magnesiamu hufuata.

Watafiti wa Taasisi ya Max Planck ya Ekolojia ya Kemia, mjini Jena, Ujerumani, waliifuatilia safari hiyo kwa viwavi wanaokula mimea mingi na kwa wale waliozoea mmea mmoja, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Mmoja wa wadudu wanaochunguzwa sana na kundi hilo ni Spodoptera littoralis, kiwavi wa majani ya pamba anayepatikana Afrika na Mashariki ya Kati. Mabaki makuu yaliyomo kwenye kinyesi ni feoforbidi, yaani pete iliyopoteza mkia na magnesiamu vyote viwili. Pete yenyewe haikuvunjwa.

Mtu anaweza kujiuliza kwa nini mdudu aache mali hiyo ipite. Pete ina nitrojeni, na nitrojeni ndiyo haba kuliko vyote katika chakula cha majani. Lakini kila molekuli ina chembe 4 tu za nitrojeni, ilhali protini zilizojaa kwenye jani lilelile zinayo kwa wingi na zinayeyushwa kirahisi zaidi. Magnesiamu nayo ni chini ya asilimia 3 ya uzito wa klorofili, na mmea una magnesiamu nyingine nje ya klorofili. Kuihangaikia pete ni hasara tupu.

Tena ni hatari. Klorofili imeumbwa kunasa nuru. Ikiwa ndani ya jani lililo hai, nguvu iliyonaswa huchukuliwa mara moja na protini zinazoizunguka na kutumika katika usanisinuru. Ikitolewa humo, bado inanasa nuru lakini haina pa kuipeleka, na nguvu hiyo huishia kwenye oksijeni iliyo karibu. Oksijeni iliyochajiwa namna hiyo huunguza chochote inachokigusa: mafuta ya utando wa seli, protini, hata vinasaba. Klorofilidi na feoforbidi zina tabia hiyo pia, na kwa kuwa hazina mkia wa mafuta, huyeyuka na kusambaa kirahisi zaidi kuliko klorofili yenyewe. Wafugaji wa Afrika Mashariki wameuona ubaya huu kwa macho bila kujua jina lake. Ng'ombe aliyekula lantana huharibika ini. Mabaki ya klorofili ambayo ini lingeyatoa kupitia nyongo huingia kwenye damu, hufika kwenye ngozi, na sehemu zenye manyoya meupe huungua na kubabuka juani. Kiwavi ni mdogo, ngozi yake hupitisha mwanga, na hushinda kutwa chini ya jua akiwa na tumbo lililojaa vitu hivyo.

Kinga yake ya kwanza ni utando mwembamba wa kitini na protini unaokifunika chakula ndani ya utumbo wa kati, ukivizuia vipande vya majani visiguse ukuta wenyewe. Ya pili ni mwendo: chakula hakikai. Ya tatu ndiyo ya ajabu zaidi, na imechunguzwa hasa kwa nondo wa hariri. Seli za utumbo wake hutoa protini kubwa inayoifunga klorofilidi na kuishikilia. Protini za aina hii zimepatikana pia kwa viwavi wa Spodoptera. Inaelekea kwamba pete ikishafungwa haiko huru kudhuru ukuta wa utumbo.

Kwa nondo wa hariri jambo halikuishia hapo. Katika miaka ya 1960 na 1970 Hayashiya na wenzake huko Japani walichunguza kitu kilichomo katika maji ya utumbo wa viwavi hao kinachong'aa kwa rangi nyekundu kikimulikwa kwa miali ya urujuanimno. Kilikuwa protini iliyoshikamana na zao la klorofili, nacho hutokea tu kiwavi anapokula majani na kupata mwanga. Kitu hicho huvidhoofisha virusi vinavyowaua viwavi wa hariri kwa wingi. Hapo klorofili inafanya kazi ya dawa, na hiyo ni faida ya wazi kwa mdudu. Wafugaji wa hariri wa Thika, nchini Kenya, wanaosisitiza majani mabichi ya mforosadi, wana sababu zao za lishe. Sababu hii ya virusi inaweza kuongezwa juu ya hizo.

Kinyesi, mahali ambapo safari huishia, kina matumizi yake. Mabuu ya baadhi ya mbawakavu wadogo wenye umbo la kobe hubeba mgongoni rundo la kinyesi na magamba ya zamani. Huko Panama, mabuu ya aina iitwayo Chelymorpha alternans yamechunguzwa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba feoforbidi iliyomo kwenye rundo hilo ndiyo inayowafukuza sisimizi. Kwa ndugu zao wengine fitoli, ule mkia uliokatwa, ni sehemu ya ngao hiyo. Binadamu hawakubaki nyuma: nchini China kinyesi cha viwavi wa hariri hukusanywa ili kukamua klorofili, ambayo hubadilishwa kwa kuwekewa shaba mahali pa magnesiamu na kuuzwa kama rangi ya chakula. Kwenye vibandiko vya bidhaa hutambulishwa kwa namba E141.

Ikiwa klorofili inatoka, basi kijani cha mdudu kinatoka wapi? Edward Poulton wa Oxford alilijaribu swali hili mwaka 1893. Aliwalisha viwavi majani ya kijani, majani ya manjano ya ndani ambayo hayakupata mwanga, na mbavu nyeupe za katikati ya jani. Waliokula nyeupe hawakupata rangi yao ya kawaida. Waliokula manjano waliipata. Poulton alihitimisha kwamba rangi hutokana na chakula, na alikuwa sahihi kwa nusu. Majani ya manjano hayana klorofili, lakini yana karotenoidi, jamii ya rangi za manjano zilizomo pia kwenye karoti na mahindi ya njano. Mwaka 1933 Przibram na Lederer walionyesha kwamba kijani cha panzi ni mchanganyiko wa rangi mbili: ya buluu na ya manjano. Manjano ni karotenoidi kutoka kwenye chakula. Buluu ni biliverdini, ambayo mdudu huitengeneza mwenyewe kwa kuivunja hemu yake.

Uthibitisho ulio rahisi kuuona ni wa kiwavi wa nondo wa tumbaku wa Marekani. Akilelewa maabara kwa chakula kisicho na karotenoidi, ngozi yake huwa ya buluu. Manjano yamekosekana, na buluu imebaki peke yake. Kiwavi wa nondo wa mioleanda, aliye mkubwa, wa kijani na mwenye madoa ya buluu karibu na kichwa, ni wa ukoo huohuo, naye anaishi Ghuba na Afrika Mashariki.

Wenyeji wa Bukoba na Uganda wanaijua tofauti ya rangi kwa senene. Katika msimu mmoja, kwenye mtego mmoja wa taa, huanguka senene wa kijani na wa kahawia, wakiwa wametoka kwenye nyasi za aina moja. Kama kijani kingekuwa klorofili ya chakula, wote wangekuwa kijani.

Kwa nzige wa jangwani rangi hufuata jinsi anavyoishi. Tunutu, yaani nzige mchanga asiye na mabawa, anayekua peke yake huwa kijani. Akikua katika msongamano huwa manjano yenye mabaka meusi. Akipata mabawa huwa wa waridi, na akikomaa, hasa dume, hugeuka manjano mbichi. Boris Uvarov alieleza mwaka 1921 kwamba nzige mpweke na nzige wa kundi ni mdudu mmoja mwenye sura mbili. Kijani cha mpweke hutawaliwa na homoni ya ujana inayotolewa na tezi ndogo zilizo nyuma ya ubongo. Tezi hizo zikipandikizwa kwa tunutu wa kundi, naye hugeuka kijani. Thomas Odhiambo, Mkenya aliyeanzisha kituo cha ICIPE mjini Nairobi mwaka 1970, alichapisha mwaka 1966 tafiti juu ya tezi hizohizo kwa nzige dume, ingawa yeye alijishughulisha na matumizi ya mafuta mwilini na uchangamfu wa mdudu kuliko rangi. Manjano ya dume aliyekomaa hutokana na betakarotini iliyofungwa kwenye protini na kupelekwa kwenye ngozi. Jani lilelile hutoa karotini inayobaki mwilini na klorofili inayotupwa.

Jaribio linaloikamilisha hoja hii lilifanywa London. Mwishoni mwa miaka ya 1950 R. H. Dadd, wa kituo cha utafiti wa nzige, aliwalea nzige kwa chakula cha kuchanganywa maabara, bila jani hata moja. Walipokosa karotini, ukuaji na rangi vilidhoofika. Walipoongezewa karotini, hali ilirekebika. Klorofili haikuwa katika orodha ya vitu walivyovihitaji.